Mwiba Usikatwe

Domitila alikuwa akiwamwagia perege pumba bajaji iliposimama kando ya mabwawa. Mzee asiyemfahamu akashuka, amelowa mpaka magotini, amekumbatia diaba lililofunikwa khanga kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule mtaalamu wa samaki?"

Alitamani kusema hapana. Shahada yake ilikuwa bado mpya, na mabwawa yenyewe yalikuwa ya mjomba wake, Faustino, ambaye hakusomea samaki popote. Mjomba alikuwa amewazoesha perege wake, hasa wale aliowafuga kwenye simtanki za plastiki, kuitwa kwa kugongewa tangi, na walikuja mbio kama kuku. Lakini mzee alikuwa ameshafunua khanga.

Ndani alilala samaki bapa, mviringo kama sinia, mwenye mkia mrefu. Domitila akarudi nyuma. Samaki taa wa maji baridi alikuwa amemwona vitabuni tu, ila mwiba wenye sumu wa mkiani aliutambua mara moja. Baba yake alikuwa mvuvi wa Mto Kilombero. Siku moja alichomwa na mwiba wa samaki aitwaye ngogo akimnasua wavuni, akapuuza, mkono ukavimba, na hospitali wakamkata vidole viwili. Tangu hapo Domitila hakushika samaki mwenye mwiba kwa mkono mtupu. Hata kambale aliwatoa kwa wavu.

Mzee alijitambulisha kuwa ni Ignas, mlinzi wa baa upande wa Lupiro. Mwenye baa alimnunua taa Dar es Salaam ili avute wateja, akaliweka tangi lake la kioo juu ya spika. Tangu siku hiyo samaki hakugusa chakula. Sasa tajiri alikuwa msibani Mahenge, na alikuwa ameacha neno: akirudi kesho akamkuta samaki bado hali chakula, atachomwa mkaani kabla hajaisha nyama.

"Nimemtorosha," Ignas alisema. "Nalinda pale usiku kucha, mwanangu, na yeye ndiye pekee anayekesha na mimi. Nakuomba kitu kimoja. Watu wananiambia ule mwiba ukatwe. Usiukate. Hana kingine cha kujitetea."

Domitila akaahidi haraka haraka, kama watu wanavyoahidi kabla hawajapima.

Alitandaza mchanga laini wa mtoni ndani ya simtanki lililokatwa nusu, akajaza maji ya kisima yaliyokwisha kutulia, akafunika upande mmoja kwa turubai ili pawe na kivuli. Taa akajifukia mchangani yakabaki macho. Kingo za mwili wake zilikuwa zimeanza kujikunja kwenda juu. Domitila alijua ile ni dalili ya taa anayekaribia kufa, akageuza uso, maana mzee alikuwa akimtazama.

Alichimba nyungunyungu kwenye kingo za majaruba ya mpunga, akamfunga mmoja kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Urefu ule ulimpa amani. Lakini mwanzi ulipogusa maji tu, taa alifyatuka akajibamiza ukutani. Mara ya pili ikawa vilevile, na sasa pua ilikuwa imechubuka.

"Mzee, huko baa walikuwa wanamfanyaje?"

Ignas akainamisha kichwa. Wateja wakishalewa, alieleza, walimchokoa kwa mpini wa ufagio ili acheze.

Basi kila kirefu kilichotoka juu kwake kilikuwa fimbo. Wavu ungekuwa fimbo. Koleo lingekuwa fimbo. Domitila akautazama mkono wake wa kulia, akavihesabu vidole bila kukusudia.

Aliuingiza majini taratibu, akaulaza juu ya mchanga, nyungunyungu akijipinda kiganjani. Mkia ulikuwa pale pale, ungeweza kumfikia kabla hajapepesa jicho. Mchanga ukatikisika. Taa akajiinua, akasogea, akasita, kisha akamfunika kiganja chote kwa tumbo lake baridi, na Domitila akahisi mdomo mdogo ukivuta.

"Anakula," Ignas alinong'ona, machozi yamemlenga.

Hakuna aliyesikia mjomba Faustino akija nyuma ya turubai. Aliona simtanki, akadhani kuna perege, akaligonga kwa ngumi kama kawaida yake.

Kwa samaki aliyeishi juu ya spika, ule ulikuwa mwisho wa dunia. Mkia ulipiga. Domitila akauchomoa mkono, damu ikitiririka kwenye kifundo cha mkono, maumivu yakipanda begani kama moto.

Mjomba alipoelewa, alikimbilia jikoni akarudi na sufuria la maji ya moto na koleo. Aliyapoza kidogo kwa maji ya kisima, akautumbukiza mkono wa Domitila humo ili joto lipunguze nguvu ya sumu.

"Nilimshika baba yako siku anakatwa vidole," alisema. "Twende hospitali. Lakini huo mwiba wa samaki naukata kwanza."

"Hapana, mjomba."

"Domi."

"Nimemwahidi mzee. Usiukate."

Hakujua mkono ule ungeamkaje kesho. Mjomba akaliweka koleo chini, akaenda kuwasha pikipiki.

Taa alikuwa amejibana upande wa kivuli. Domitila akaokota nyungunyungu mwingine. Akaushusha mkono wa kushoto majini, polepole, akaulaza mchangani, akasubiri.

Mchanga ukatikisika.