Kichocheo cha Arobaini na Mbili

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Alima alikuwa akipiga deki chini ya kinu cha pili, katika maabara iliyojengwa ndani ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi, kaskazini mwa Msumbiji. Kazi ya maabara ilikuwa kugeuza gesi kuwa dizeli. Hidrojeni na kaboni monoksidi huingia kwa juu, hupita kwenye kichocheo, yaani kobalti iliyopakwa kwenye punje za udongo, na chini inatakiwa itoke dizeli. Wahandisi walikuwa wamejaribu vichocheo arobaini na kimoja. Walipata maji, nta, na mara moja kitu chenye harufu ya viatu vilivyoloa.

Cha arobaini na mbili kilikuwa kimekaa kinuni tangu Ijumaa bila faida yoyote. Alima alipofika penye tundu la kutolea maji sakafuni alisimama kupumzisha kiuno, na dizeli ikaanza kutoka, safi kama maji ya kunywa. Alipokwenda kubadilisha maji ya ndoo ikakoma. Aliporudi ikatoka tena.

Injinia Custódio, mtu wa Mueda, alitazama kipimo akaandika kwenye daftari: "Masharti ya kazi: joto nyuzi mia mbili na ishirini, kanieneo ishirini, mama Alima." Kwa siku tatu walijaribu watu wengine mahali pale pale: mlinzi, mpishi, na mkurugenzi mwenyewe, ambaye alivua viatu kwa sababu Alima hupiga deki pekupeku. Kwa mkurugenzi ilitoka nta. Basi Alima akapewa kiti cha plastiki na helmeti, na ndoo akakabidhiwa msafishaji mwenzake, Judite.

Wakati wa chakula cha mchana Custódio alimsogelea.

"Mama Alima, hapa zamani palikuwa na nini?"

"Nyuma ya jiko langu."

"Na nyuma ya jiko?"

Aliuliza kwa adabu tu; jibu alishalikisia. Hata kwao Mueda vitoto vichanga vikifa havizikwi mbali na nyumba.

"Ntoto wangu," alisema Alima. "Aliishi siku tano. Hakufika siku ya saba ya kupewa jina."

Kijiji kilipohamishwa kupisha uzio, brigada, kikosi cha kuhamisha watu, ilipita nyumba kwa nyumba ikiorodhesha makaburi, nayo ikataka majina ya marehemu. Alima alimtaja mama yake na mjomba wake, nao wakahamishwa kwa sanda mpya na dua. Kisha akaulizwa kama kuna mwingine, akajibu hakuna. Hakukusudia uongo. Jina la mtoto yeye na mumewe walikuwa wamelichagua, lakini kwao jina halitoki mdomoni kabla ya siku ya saba, na siku ya saba haikuwahi kufika. Lori la kwanza lilipoondoka alijuta, na majuto hayo hayakupoa hata vita vilipomkimbiza hadi Mtwara, wala aliporudi.

"Nataka kunchukua," alisema. "Akalale na bibi yake kule kijiji kipya."

"Kuna formulário, fomu ya kuhamisha kaburi," alisema Custódio. "Ila watataka jina, mama."

Alima aliinamia sakafu. Kisha akalitamka kwa mara ya kwanza.

"Rizuane."

Dizeli ikatoka mara tatu ya kawaida. Ikambidi Custódio aandike huku na huku: jina kwenye formulário, kiwango kwenye daftari. Na kwa kuwa ni mtu mkweli, kwenye daftari aliandika pia kilichosababisha kiwango.

Daftari lilifika Maputo haraka kuliko formulário. Wakubwa wa kampuni walifurahi sana. Wakasema kichocheo kinachofanya kazi namna hii si cha kuitwa kwa namba, wakakisajili kwa jina: Rizuane, kobalti juu ya udongo, mali ya kampuni.

Formulário ilirudi baada ya wiki sita. Custódio alimsomea Alima akiwa amesimama, maana aliona aibu kukaa.

"Wanasema haiwezekani, mama. Kwenye orodha ya makaburi jina hilo halimo. Kwenye orodha ya mali limo."

"Wameliandika vizuri?"

"Vizuri. Kwa herufi kubwa."

Alima akaitikia kwa kichwa, akarekebisha helmeti.

Pipa la kwanza lilipelekwa kwenye jenereta inayowasha taa za uzio. Mwisho wa mwaka walifungua kinu wakapima kichocheo, na kama inavyotakiwa kwa kichocheo chochote bora, hakikuwa kimepungua hata gramu. Alima naye alipimwa kwa utaratibu huo huo. Uzito ulikuwa ule ule. Uchungu nao ulikuwa ule ule, lakini kwa huo fomu haikuwa na nafasi.

Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu, gesi ilifunguliwa. Custódio aliinua mkono, na Alima akamwita mwanawe.