Uso wa Vipande

Mtoto alikuwa ametimiza siku arobaini na bado hana jina. Wachimba dhahabu wa huko porini Ushirombo, watu wasiokosa la kusema, wakambandika mama yake, Rebeka, jina la "Mama Nani". Alicheka nao, lakini moyoni lilimuuma. Kwao mtoto hupewa jina na mkubwa aliyemtazama usoni akatambua ni marehemu gani wa ukoo aliyerudi, na mkubwa aliyebaki ni bibi yake Rebeka tu, aitwaye Sikujua, aliyelala mgonjwa kule Songwa, macho yakififia siku hadi siku.

Mara tatu walijaribu kuonana kwa video, na mara tatu picha ikakatikakatika.

"Siwezi kumpa jina mwenye uso wa vipande," bibi alisema.

Bondeni pale machimboni simu hazishiki. Watu hutegemea mtandao wa redio wa kikundi cha wachimbaji, na fundi wake ni huyo huyo Rebeka. Asubuhi moja aliketi chini ya mnara, mtoto mgongoni, usingizi ukamnyemelea. Ndotoni akazisikia ruta, visanduku vya kupitisha mawasiliano, za vilima vyote zikiamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, kila moja ikizitangazia nyingine zote njia inazozijua, neno mojamoja, bila kupumua. Katikati ya kelele hizo uso wa mwanawe ulingoja zamu.

Alizinduliwa na mzee Makoye, aliyekuwa akivuta kamba mdomoni mwa shimo na kumfokea kijana aliye chini. "Unanipandishia kiganja cha mawe? Kamba haipumziki. Jaza kiroba."

Rebeka akaduwaa. Msimu wa mvua, pakiti kubwa za data zilipokuwa zikipotea njiani, yeye mwenyewe alizipunguza zikawa punje. Mvua ikaisha, naye akasahau. Tangazo moja la ruta lilikuwa likisafiri kwa pakiti arobaini, na video ikikosa nafasi. Akafungua kompyuta, akaongeza ukubwa wa pakiti, ruta baada ya ruta, kwa kiasi tu, maana kiroba kikizidi kamba hukatika. Taa za mnara, zilizokuwa zikipepesa kama macho ya mwenye homa, zikatulia.

Akapiga simu ya video. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlete nimwone."

Mtoto akapiga mwayo, na mwayo ukafika Songwa mzima.

Bibi alisogeza uso karibu na simu, machozi yakimtiririka. "Eufrasia," akasema. "Kumbe umerudi, mwanangu."

Tangu walipomzika mama yake mwenye jina hilo, Rebeka hakuwahi kulisikia likitajwa kwa furaha.

"Mama Nani," Makoye aliita kutoka kwenye kamba, "imeshika?"

"Mama Eufrasia," alimjibu, akilia.