Koti la Watu Tisa

Kioo cha mbele cha duka la mjomba Melkiori kilitosha picha kumi na mbili, na kila mwisho wa mwaka alizibadilisha zote. Mwaka ule wa hamsini na sita hakuzibadilisha yeye. Aliniwekea mezani sanduku la picha za mwaka mzima akaniambia nichague zile ninazozipenda, nizibandike kabla ya Noeli. Watu wa Mtaa wa Sikukuu wakisimama kuzitazama, kamera ingebaki mikononi mwangu. Wakipita tu, Januari ingekwenda kwa Gaudens, nami ningerudi jikoni.

Gaudens alikuwa mtoto wa rafiki yake mjomba huko kwetu Kibosho, na alikuwa amejifunza kazi kwenye duka moja la picha karibu na Posta. Alikuwa na sauti. Akimwambia mteja ainue kidevu, hata muuza nazi wa ng'ambo ya barabara aliinua chake. Mjomba alilipenda sana jambo hilo. Alizoea kusema kwamba kupiga picha ni mdomo, kamera inasaidia tu.

Mimi mdomo sina. Shule niliiacha darasa la tatu, na sababu mojawapo ni kwamba mwalimu alipoita jina langu nilijibu kwa kichwa, naye akaandika sipo. Nilikuja mjini kumpikia mjomba na kuwavalisha wateja. Kamera niliipata kwa kuwa macho yake yaliingia ukungu. Mwezi wa Machi alimpiga bwana harusi mmoja, na picha ilipotoka, maua yaliyochorwa kwenye pazia la nyuma yalionekana mpaka mishipa ya majani, bwana harusi mwenyewe akawa kama moshi. Tangu siku hiyo mjomba alikaa mlangoni akipokea wateja, mimi nikabonyeza.

Basi Jumamosi mchana nikafungua sanduku, na haikuchukua muda nikaanza kucheka peke yangu. Katika picha za mjomba za miaka ya nyuma watu wote wamekaza shingo kama wanaosomewa hukumu. Zangu zilikuwa tofauti, na sababu naijua. Mimi nikisema "tayari" hakuna anayenisikia. Mteja husogeza uso mbele kidogo, macho yakamfunguka, akatega sikio, na hapo ndipo ninapobonyeza, kabla hajaniuliza nimesema nini. Kwa hiyo wateja wangu wote wa mwaka ule wameinama mbele kidogo, kama watu wazito wanaoletewa habari nzito.

Bwana Awadhi, Mzaramo muuza samaki wa kukaanga, ambaye hajapata kumsikiliza mtu tangu azaliwe, alionekana kama kadhi. Bi Sofia wa vitumbua alikuwa amekijaza kiti chote, na mwanawe wa mwisho amelala mapajani mdomo wazi. Niliipenda kwa sababu ya pua zao, ni pua moja imegawanywa kwa wawili. Tarsis fundi baiskeli alikuwa ameficha mikono yenye grisi nyuma ya mgongo, akawa kama gavana anayekagua gwaride. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bakili, hamali wa sokoni aliyetoka Lindi. Alitaka picha ya kuwapelekea wakwe watarajiwa. Wakati wa kumvalisha nilimchoma pini mgongoni, nikaona haya kumwomba radhi, naye akaona haya kulia. Picha ikatoka na macho yenye machozi. Wakwe walijibu kwamba kijana anaonekana ana huruma.

Nikachagua wanawake watatu na wanaume tisa, nikazibandika. Niliangalia nyuso tu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na lilikuwa kubwa hata likaenea kioo kizima.

Duka letu lilikuwa na koti moja. Mjomba alilinunua mnadani, la kijivu lenye mistari, na kitambaa cheupe kimeshonewa kabisa kwenye mfuko wa kifuani, pembe moja imejikunja. Mteja mwembamba nilimbana kwa pini nyuma. Kwa ajili ya wanene mjomba alikuwa amelipasua mgongoni tangu kola mpaka chini, ukivaa unakuwa bwana kwa mbele na ombaomba kwa nyuma. Kila mteja alijua koti ni la duka. Lakini picha ikishatumwa kwao, koti ni lake, na picha zenyewe hazikutani: moja iko Lindi, nyingine Tabora, nyingine Moshi. Kwa miaka yote hiyo mjomba hakuweka kiooni zaidi ya wanaume wawili wenye koti, mmoja pembe hii na mwingine pembe ile. Hakuniambia. Alidhani ni jambo ambalo mtu mwenye akili analijua, na kwa macho yake yale hakuona kwamba nimebandika wanaume tisa ndani ya koti moja.

Jumapili tulipotoka misa tukakuta watu wamejaa mbele ya duka hadi katikati ya barabara. Moyo wangu ukafurahi. Kisha nikaona kwamba wanacheka, na anayewachekesha ni Mihayo, Mnyamwezi msukuma mkokoteni, mtani wa Bwana Awadhi. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika, na Mihayo alikuwa mtu wa kuitumia haki yake yote.

Bwana Awadhi alikuwa amewaambia wenzake kwenye kahawa kwamba koti lake lilishonwa na fundi wa Uhindini aliyempima mara tatu. Tarsis alisema lake kapewa na Mzungu aliyemtengenezea baiskeli. Bakili aliwaandikia wakwe kwamba alituzwa kazini kwa bidii. Mihayo hakuongeza uongo hata mmoja. Aliyarudia maneno yao yote, moja baada ya jingine, huku akigonga kioo kwa kipande cha muwa kila alipofikia kile kitambaa chenye pembe iliyojikunja.

"Mtani wangu Awadhi," akamwambia, maana naye alikuwa amefika, "yule Mzungu kamgawia Tarsis koti lako. Kamshitaki."

Kabla ya adhuhuri wanaume wote tisa walikuwa ndani ya duka. Walitaka picha zishushwe, na Bwana Awadhi aliapa kwamba hakuna mtu wa mtaa wake atakayekanyaga tena pale. Gaudens, aliyekuja kuliona duka lake la Januari, akawaamuru wapange foleni, nao wakampigia kelele nyingi kuliko alizowapigia. Mjomba alitoka nje akaweka pua kwenye kioo, akaenda hivyo hivyo na pua yake kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Aliporudi hakupandisha sauti.

"Severa, umewavua watu nguo sokoni," akasema. "Zishushe, kisha nenda jikoni. Gaudens, shika kamera."

Nilizishusha. Ya Bakili ndiyo iliyonishinda. Mwenyewe alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa, anasema kuna mtu wa Lindi kaiona na barua itafika kabla ya harusi. Nikasimama na picha yake mkononi, nikaona kwamba nikiingia jikoni sasa sitatoka. Nikaenda nikalitoa koti kwenye msumari, nikalivika kile kiti kikubwa mbele ya pazia, nikasimama nyuma ya kamera. Nikasema nililotaka kusema. Walikuwa wanagombana, hakuna aliyesikia. Nikalisema tena.

"Nyamazeni," akasema Bakili. "Binti anasema kitu."

Wote wakasogea, hata Bwana Awadhi.

"Nimesema hili ni koti la chama," nikasema. "Lina wenyewe tisa. Mkipiga picha moja nalo, nani atakuwa mwongo?"

Kariakoo yetu kila mtu ana chama: cha ngoma, cha mpira, cha kuzikana. Mtu asiye na chama ndiye anayetiliwa shaka. Niliwaona wanalipima neno lile kama wanavyopima nguo mwilini. Kisha Bwana Awadhi akatamka kwamba kwa umri wake ni dhahiri yeye ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti hukaa karibu na koti. Tarsis akasema kwa utaratibu gani. Bakili akainuka kutoka chini akaomba ukatibu, kwa kuwa ana barua ya kuandika leo hii. Mihayo akachungulia dirishani kuuliza kiingilio, wakamjibu kwa sauti moja kwamba watani hawapokelewi.

Gaudens akaanza kuwapanga. Akamwita huyu kushoto, yule kidevu juu, wa nyuma asipepese, wa mbele afunge mdomo. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo kila mmoja alivyotazama upande wake, na wawili wakarudi kwenye ugomvi wa mwenyekiti. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, haoni, anasikiliza.

"Gaudens, baba, nyamaza kidogo," akasema. "Mwachie."

Nikajifunika kitambaa cheusi. Chini ya kitambaa kile haya hupungua, maana huoni kama unaonwa. Nikasema tayari. Wanaume tisa wakainama mbele, macho kumi na nane yamefunguka, kila mmoja akiogopa kuwa yeye pekee ndiye asiyesikia. Nikabonyeza.

Mkesha wa Noeli picha ile ilikaa peke yake kiooni. Mjomba alikaa ndani siku nzima akisikiliza miguu ya watu ikisimama. Jioni akaniita nimweleze, kwa kuwa macho yake yaliona kiwingu tu. Nikamweleza mtu mmoja mmoja, Bwana Awadhi alivyoweka kiganja juu ya koti asije mtu akalichukua, Tarsis alivyojisogeza mpaka kiti kikainama, Bakili alivyokausha macho. Nilisema muda mrefu, sijui kama nimewahi kusema muda mrefu hivyo.

Kisha mjomba akasema Gaudens atafaa kukaa mlangoni kuita wateja, na akanisukumia karatasi ya kuagizia filamu za Januari.

"Weka jina lako," akasema.

Nililiandika kubwa mno, likafika ukingoni kabla halijaisha, herufi ya mwisho nikaishusha chini.