Kinga ya Elfu Mbili

Siku ya tatu ya mwaka elfu mbili, kompyuta ya Mzee Champaklal ilikataa kuamka. Taa yake ya kijani iliwaka, ndani ukasikika mkwaruzo usio wa kawaida, kisha kioo kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza na kunyamaza. Mzee akaizima, akaiwasha, akaizima tena. Ilipofika saa nne asubuhi habari ilikuwa imeshashuka ngazi zote za lile jengo la Kariakoo na kuingia dukani kwa Severa, aliyekuwa akipanga ndoo za plastiki mlangoni.

Severa alikaa juu ya ndoo moja. Hofu yake ilikuwa na sababu mbili. Ya pili aliona haya hata kuiwaza, kwa hiyo tuanze na ya kwanza.

Ya kwanza ilikuwa Fortunata, binti yake wa pekee, aliyekwenda Pune, India, kusomea ufamasia. Barua zake zilikuja kila Ijumaa kwa kompyuta ya mzee, maana jengo zima halikuwa na nyingine. Ilikuwa kuukuu. Bhavin, mtoto wa mzee, aliinunua ikiwa imeshatumika Dubai, miaka ile bidhaa zilipoanza kumiminika Bongo bila kizuizi, akawaachia wazazi wake alipohamia Leicester. Tangu hapo mzee ndiye aliyekuwa posta ya jengo. Alisubiri modemu imalize kelele zake, akasoma kwa sauti, na yeyote aliyekuwa sebuleni alisikia. Hakuna aliyeona ubaya.

Ila barua ya mwisho ya Desemba mzee hakuisoma mbele za watu. Alimwita Severa peke yake. "Mama," Fortunata aliandika, "kuna jambo zito nataka kukuambia. Usimwambie baba kwanza. Nitakuandikia mwaka ukianza." Sasa mwaka ulikuwa umeanza, na jambo zito lilikuwa limekwama huko lilikokwama.

Huyo baba asiyetakiwa kuambiwa ni Tarsis, mume wa Severa, Mchaga wa Kibosho mwenye sauti ya kuuzia jumla. Kila mteja aliyeingia dukani alitoka akijua kwamba Tarsis ana binti mfamasia. Wauza samaki wa soko la Feri walijua. Mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda Jangwani alielekezwa njia, na habari za mfamasia akapewa juu yake.

Vibanda vya intaneti vilikuwa vimeanza kufunguliwa mjini, lakini neno la siri la sanduku la barua lilihifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Bhavin aliyeliweka alipigiwa simu, akasema amelisahau, akaomba samahani mara tatu. Basi, ama kompyuta ipone, ama barua isionekane.

"Elfu mbili imeiua," alisema Zena, mshona mapazia wa ghorofa ya pili, na jengo zima likakubali. Redio ilikuwa imetangaza tangu mwaka jana kwamba kompyuta za zamani zitachanganyikiwa tarehe ikigeuka. Kariakoo nayo ikaongeza chumvi, kama kawaida yake, mpaka ikawa ndege zitaanguka na dunia itakwisha.

Ikabidi aitwe Awadhi, fundi wa redio na televisheni wa Mtaa wa Msimbazi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye siku za karibuni alikuwa amejifundisha kompyuta pia. Alipanda na bisibisi zake. Harshida, mke wa mzee, akaondoa kitambaa alichokitarizi kwa ajili ya kuifunika mashine, akamwekea fundi chai. Majirani wakajipanga ukutani. Tarsis naye alifunga duka apande kuona, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyougua malaria.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Ni ile elfu mbili?"

"Tutaona."

Awadhi akafungua boksi. Akalichungulia kwa tochi, akachomoa kile kidude cha kuingizia disketi, akakitikisa juu ya gazeti. Zikaanguka punje za mchele. Nyingi. Nyingine zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu.

"Mzee, mnapikia humu?"

Champaklal akatazama chini. Alisema polepole kwamba siku ya Diwali, enzi akiwa na duka, waliombea vitabu vya duka baraka. Sasa duka hana, vitabu hana. Kilichobaki cha kuombea ni hiki. "Nikaona, kwa kuwa mwaka huu una hatari, niongeze mchele wa baraka kidogo."

"Kidogo!" alisema Harshida.

Awadhi aliendelea. Nyuma ya boksi akabandua kikaratasi kilichokunjwa, chenye maandishi ya zafarani, na Zena akaanza kukohoa. "Ni dua tu," alisema. "Dua haijaunguza kitu." Awadhi akakirudisha mahali pake kwa adabu. Kisha akashika waya wa simu, akakuta ncha yake imezungushiwa selotepu hadi imekuwa nene.

"Hivyo virusi si vinapita kwenye waya?" Tarsis aliuliza, akijifanya anauliza tu. "Nilipita hapa mkesha wa mwaka mpya, nikaona nivizibie njia."

Watu walicheka mpaka Harshida akaketi. Severa pekee hakucheka, maana fundi sasa alikuwa ameshika kibodi. Aliigeuza, akabonyeza herufi moja moja. Herufi hazikurudi.

"Hapa ndipo penye ugonjwa," alisema. "Ikiwaka inaikagua kibodi kwanza. Ikiikuta mbovu, inasimama hapo hapo. Humu kumeingia kitu cha maji. Nani kamwaga?"

Awadhi akawatazama mmoja mmoja.

"Simlaumu mtu. Nataka kujua ni soda au ni maji. Kama ni soda, imeganda ndani, hii imekwisha, na nyingine ya waya wenye kichwa kikubwa namna hii mpaka tuagize Dubai, labda mwezi wa pili au wa tatu. Kama ni maji, nitaifungua niianike juani, kesho inaandika. Nikikosea nitaiua kabisa."

Na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya pili. Mkesha ule Harshida alikwenda hekaluni, akamwachia Severa ufunguo amwagilie mrehani wake. Severa alimwagilia. Kisha akasimama mbele ya kompyuta, akamfikiria mwanawe aliye mbali na dunia iliyokuwa inakwisha saa sita, akatoa kwenye mkoba chupa ya maji ya baraka ya kanisani. Alikusudia matone matatu, la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Lakini mkono wa mama mwenye hofu hauna kipimo. Alimimina nusu chupa, akapangusa kwa kanga, akafunga mlango.

Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Kisha akaona miezi miwili bila barua.

"Ni maji," alisema. "Maji ya baraka. Ni mimi, Mama Bhavin, unisamehe. Niliogopa isije ikafa na mtoto wangu yumo ndani."

 Harshida alimsogelea, akamshika mkono, akauweka mapajani mwake, wakakaa hivyo.

Awadhi akavua miwani, akaipangusa. "Hebu nisikilizeni. Elfu mbili imefanya kosa dogo tu, imerudisha tarehe miaka ya themanini, nami nitaisahihisha kwa mkono. Mengine yote ni kinga zenu. Kuanzia leo, barua za maana zinakiliwe kwenye disketi, neno la siri liandikwe liwekwe kabatini, na humu ndani asiingie mtu na mchele. Ombeeni ikiwa imefunikwa."

Kesho yake jioni kibodi ilishuka kutoka darini, imekauka. Kompyuta ikaita, ikapiga kelele zake, ikatulia. Sebule ilijaa. Severa alitamani kuwafukuza, lakini angewaambia nini? Tarsis alikuwa nyuma yake kabisa, mikono mgongoni.

Barua ya Fortunata ikafunguka, imejaa kioo kizima. Mzee Champaklal akarekebisha miwani yake na kukohoa.

"Mama, shikamoo," alisoma. "Baba, shikamoo. Mimi sijambo. Huku baridi imeanza, usiku najifunika mablanketi mawili. Chapati za huku ni nyembamba mno, sishibi. Nawasalimu jengo zima…"

Severa alikuwa akisoma naye, mstari kwa mstari, na mistari haikulingana. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: *Mama, nilifeli nikarudia, nikafeli tena. Tangu Agosti siendi chuo. Nilidanganya kwa sababu ya aibu. Tiketi ya kurudi ninayo, lakini nitamtazamaje baba? Akisema nisije, siji.*

 Alimwonea mwanawe uchungu, miezi yote ile peke yake na uongo wake. Na papo hapo alimpenda yule mzee, aliyekuwa akitunga mablanketi na chapati huku shavu likimcheza, mtu ambaye maishani mwake alisoma kila neno kama lilivyo. Akageuka kuona nani mwingine ameona. Zena alikuwa anakagua pazia alilolishona mwenyewe. Awadhi ameinama anafunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na kandambili.

"…Wenu mpendwa, Fortunata," mzee alimalizia, akashika kibodi haraka. "Tumjibu, Mama Fortunata?"

Severa alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, *njoo nyumbani mwanangu*, lakini ayaseme vipi bila Tarsis kuuliza sababu? Alijua jinsi mumewe alivyojivuna. Kama angemwambia huyo mtoto asirudi, asingerudi.

"Mimi nitamjibu," alisema Tarsis.

Sauti yake ya jumla haikuwepo. Akasogea mpaka kiti cha mzee, akaweka mkono begani mwake.

"Andika, Baba Bhavin. Mwambie ni baba yake anayesema."

Mzee akaandika kwa kidole kimoja. Chumba kizima kilisikiliza herufi zikigonga.

"Mwambie huku chapati ni nene. Aje ale." Tarsis akainamia kioo. "Na hiyo tiketi aliyonayo, aitumie wiki hii hii. Nitakuwa uwanja wa ndege."