Ukurasa Waliouruka Wenzake

…mbwa, sasa ni mbwa, huyu Amoit, binti wa mwenye duka la misumari, amesimama mbele ya wazazi wote wa darasa la saba kusema kwamba alichokipenda zaidi kitabuni ni mbwa wa Mtawala, yule aliyegeuka mwishoni akawa upande wa watoto, na watu wanapiga makofi, Wesonga naye akapiga kidogo, huku akili yake iko mpakani kwenye lori la sementi lililokaa foleni tangu jana, dereva alimwambia boss usichelewe na karatasi zangu, naye ndiye huyu amechelewa, ajenti mzima wa forodha ameketi kwenye benchi la kanisa hapa Malaba Jumamosi asubuhi kusikiliza watoto wakitoa maoni juu ya hadithi ya watoto, Jiji la Kengele Tatu, ndivyo kinavyoitwa kitabu chenyewe, mwalimu Rosebella alileta nakala chache kutoka Kisumu wakakisoma kwa zamu, kisa cha nchi isiyo na jina, miaka mingi ijayo, ambako kengele ya kwanza ni ya kuamka na ya pili ni ya kula na ya tatu ni ya kunyamaza, na mtoto atakayesikika sauti baada ya hiyo ya tatu anapelekwa ng'ambo ya ukuta, basi watoto watano wanatoroka kupitia bomba la maji, na yaliyobaki ni mbio na kujificha… Wesonga hajakisoma, haya ameyadaka hapa hapa kwa hao waliotangulia kusema, ila alikiona mezani nyumbani wiki iliyopita, akakiinua, akamwuliza binti yake kama hiki kitamsaidia kwenye mtihani, na Nerima akasema ndiyo Baba, akakipokea kwa mikono miwili, na hakukifungua tena mpaka yeye alipotoka chumbani, hilo la kutokifungua amelikumbuka sasa tu, wala hajui limetoka wapi… kijana mmoja wa kutoka Osieko, kule ziwani, anayekaa hapa kwa shangazi yake amechukua nafasi, anasema yeye lile bomba hakuliamini, "Mwandishi hajui maji. Bomba likijaa hivyo hakuna mtu anatoka. Wangekufa wote kabla kitabu kifike katikati," wazazi wakaangua kicheko, na nje lori likafunga breki kwa mluzi mrefu, Wesonga akageuza shingo kuchungulia dirishani, siyo lake, na mwalimu Rosebella akasema asante, hayo pia ni maoni, halafu akaita, "Nerima Wesonga."

Kifua kikapanda chenyewe, akaikaza tai, akamgusa mkewe kwa kiwiko, Eucabeth aliyekuwa akijipepea na leso akatabasamu bila kugeuka, na yule pale mtoto wao wa kwanza akielekea mbele, sketi imenyooka kwa pasi, hakushika karatasi kama wenzake, mikono nyuma, ndivyo alivyomfundisha, ukizungumza na watu wazima simama wima usichezee vidole, hebu ona sasa, hao wengine walikuwa wakijikuna tu, Jumatatu Ekwaro, mwenzake wa yadi ya malori, ataisikia habari hii apende asipende… "Mimi naitwa Nerima. Wenzangu wamesema Mtawala anatisha kwa sababu ya askari, na mbwa, na ukuta. Mimi nafikiri hata angewafukuza askari wote, watoto bado wangenyamaza." Sauti yake haikutetemeka, sauti hiyo ameitoa wapi, nyumbani anaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi… "Kwa nini wangenyamaza?" mwalimu akauliza. "Kwa sababu wameshamjua kwa viatu." Watu wakacheka, Wesonga naye akacheka, mtoto ana akili huyu, viatu, amewaza mbali, mwalimu akapekua nakala yake, "Hiyo ya viatu iko ukurasa gani, mama?" na Nerima akasema, "Haiko, mwalimu. Mwandishi hakuiandika, lakini ndivyo inavyokuwa. Akija anakanyaga polepole, hiyo siku ni nzuri, mtu anaweza kumaliza kusema. Akija anaburuta kisigino, mnaacha. Hata kama hajafungua mdomo. Huyu wa kitabuni anapiga kengele. Kama angekuwa wa kweli, hangehitaji kengele."

Kicheko kilikuwa bado kiko usoni mwa Wesonga, hakujua akipeleke wapi, akakiacha hapo hapo, meno nje, huku miguu yake chini ya benchi ikijivuta nyuma taratibu bila yeye kuiamuru, hasa wa kushoto, huo wa kushoto ndio anaoukokota akichoka, siku ambazo malori yamerudishwa na watu wa forodha wamemtukana mbele ya mataniboi, vijana wasaidizi wa madereva, lakini mtoto hakusema wa kushoto, hakusema ni nani, watoto wana mawazo mengi, labda ni viatu vya shule, labda ni mwalimu mkuu, mwalimu mkuu ana viatu vizito kweli… kisha akaona leso ya Eucabeth imesimama hewani, haipepei tena, joto lote hili, na Eucabeth akasema kwa sauti ya chini, midomo haichezi, "Anasema ya kitabu, Baba Nerima. Ni kitabu tu," na benchi likalia kidogo kwa sababu alikuwa amesogea, upana wa vidole viwili hivi, kwenda upande wa Truphena jirani yao, na ni hapo ndipo damu ilipompanda Wesonga masikioni, maana hakuna mtu aliyekuwa amemshtaki, hakuna aliyeuliza ni viatu vya nani, yeye mwenyewe alikuwa ameshapata pa kujifichia, mwalimu mkuu, na mkewe akamtetea kabla hajashtakiwa… atamwona nyumbani, ndilo lililokuja kwanza, mtoto wa kumvua nguo baba yake mbele ya watu, mzee Omagor amekaa hapo mbele na wale wazee wa kanisa, watu anaosalimiana nao kila siku, atamwona, na wala hatamgusa, hajawahi kumgusa mtoto, hilo Mungu anajua na majirani wanajua, baba yake yeye kule Funyula alikuwa akiwachapa kwa mpira wa baiskeli mpaka majirani wanakuja kumshika mkono, naye akaapa akiwa mdogo kwamba akipata watoto hatainua mkono, na hakuinua, kwa hiyo sasa ni nini, ni kosa gani mtu kurudi kwake akakaa kimya, hatasema kitu, wakitoka hapa watatembea mpaka nyumbani na hatasema kitu, atakula vijiko vichache asukume sahani, na itatosha, Nerima ataanza kuosha vyombo vilivyo safi, Eucabeth atawalaza wadogo jua bado lipo, mpaka siku ya pili jioni hivi, hapo ataomba chai na mambo yatafunguka… na hapo akajishika, kama mtu aliyejikuta mkono uko mfukoni mwa mwenzake, kwa sababu alikuwa amepanga kila kitu, kimya cha kiasi gani na kiishie wapi, amekipima kama sukari ya dukani, yeye ambaye miaka yote amesema ni uchovu tu, ni kazi, ni vumbi la malori, kumbe kipimo anakijua, amekijua siku zote…

"Endelea, Nerima," mwalimu anasema, na Nerima anasema kitu juu ya yule msichana kitabuni aliyejifunza kucheka bila sauti, kwamba hilo mwandishi amelipata vizuri, na mama mmoja nyuma akaguna kukubali, Wesonga anasikia nusu nusu, kwa sababu uso wa yule mwalimu wa ng'ambo ya mpaka umemjia, mgeni aliyevuka mwezi jana na mkoba mmoja, akapumzika ofisini kwake akingoja basi la Kisumu, mtu mpole, alikuwa akieleza habari za shamba la shule yao, tulikuwa tumepanda… na katika chumba cha pili kiti kikaburutwa, ni Ekwaro tu alikuwa akisogea karibu na dirisha, mgeni akaiacha sentensi pale pale, akaweka viganja vyake juu ya meza, akangoja, uso umefungwa kama duka, mtu mzima, mwalimu, na Wesonga alihuzunika kweli, aliipeleka hadithi hiyo nyumbani wakati wa chakula, akawaambia jamani watu wa kule wamefanywa nini hawa, mtu anaogopa kiti, na Nerima, ambaye haulizi maswali mezani, akauliza, "Baba, alimaliza kusema walikuwa wamepanda nini?" naye akamjibu, "Hakumaliza. Kula chakula chako." Wakala. Wote wakala chakula chao. Na yeye alikuwa akitafuna pale akiwaonea huruma watu wa ng'ambo… na wiki hiyo hiyo, au ni nyingine, Methuselah kitinda mimba aliangusha kikombe cha uji, uji ukatambaa mezani mpaka ukaanza kudondoka chini, na hakuna aliyeutazama uji, walimtazama yeye, nyuso zote zimegeuka pamoja, naye akaona ni adabu, akasema moyoni nyumba yangu ina adabu, na hata akaenda kujisifu kule yadi, kwangu nikiingia hata kuku wananyamaza, mataniboi wakacheka, Ekwaro akasema wewe ni mwanaume, na yeye akaagiza chai ya wote… lo, hofu yao aliinunulia chai.

"La mwisho," mwalimu Rosebella anasema, "ulifurahi Mtawala alipoanguka kutoka mnarani?" Wenzake wote waliotangulia walifurahi, Amoit alisema alirukaruka kitandani, yule wa Osieko alisema angeanguka mapema zaidi, na sasa kanisa zima limeinua nyuso kwa Nerima, Wesonga ameinamisha yake, anatazama sakafu, anajua atakachosikia, mtoto atasema alifurahi, na ana haki, aseme tu haraka watu wapige makofi aende kwa sementi yake… "Hapana, mwalimu." "Hukufurahi?" "Kidogo tu. Halafu nikafikiri. Kuna ukurasa mmoja, wenzangu waliuruka kwa sababu hauna mbio. Mtawala anakula peke yake, anasikia watoto wanacheka nyuma ya ukuta. Anaacha chakula anaenda kuangalia. Akifika, wamenyamaza. Anarudi kukaa. Basi, unaishia hapo, mwandishi hasemi kitu kingine. Mimi niliusoma mara mbili. Niliona kwamba yeye hatajua kamwe walikuwa wanacheka nini, na hakuna wa kumwambia, kwa sababu wote wanamwogopa." Mikono ingali nyuma. "Ningeandika mimi, asingeanguka. Ningetaka mtoto mmoja amwambie."

Wesonga akashika ukingo wa benchi, maana hasira angeiweza, mtoto akimchukia baba yake kuna namna ya kukaa na jambo hilo, lakini huruma, mtoto wa darasa la saba ameketi na taa yake akamhurumia, akaifunga huruma hiyo ndani ya kitabu na kitabu akakifunga kila baba yake alipopita… na mara ilikuwa ile Jumapili, mvua imekatika, amefika mlangoni pa ua akasikia kicheko, cha Eucabeth, kile cha kupaliwa, cha Nerima juu yake, na cha Methuselah anayecheka tu kwa sababu wengine wanacheka, akasimama nje, mkono juu ya komeo, kicheko hicho cha Eucabeth hakuwa amekisikia tangu alipokuwa akimchumbia huko Funyula, akasimama muda mrefu, maji ya mti yanamdondokea kwenye kofia, akitamani kuwemo, ndilo neno lenyewe, kuwemo, akasukuma mlango, kicheko kikakatika, Eucabeth akasema karibu, chakula kiko tayari, na yeye, aliyekuwa ametoka kuwatamani wote watatu namna ile, akauliza mbona redio imewashwa na hakuna anayeisikiliza… 

"Mzazi wa Nerima yupo?" mwalimu Rosebella anauliza, amenyoosha mkono kuelekea mabenchi, "Mzee Wesonga, ungependa kumwambia mtoto neno?" na vichwa vikageuka, Omagor amegeuka, Truphena amegeuka, Eucabeth hakugeuka, leso iko mapajani imeviringwa kama kamba, na Wesonga akasimama, akamtazama binti yake na binti yake akamtazama, ule uso, uso uliofungwa kama duka, ulikuwa wazi dakika moja iliyopita na sasa umefungwa kwa sababu yeye amesimama, na maneno ya kumsifu yalikuwepo, hongera, umesoma vizuri, ongeza bidii, yale ya wazazi wote, yalijipanga yenyewe, akayaacha yapite, hakuna alichotaka kumwambia, alitaka kumwuliza, jambo moja tu, lakini hakujua aliulize vipi lisisikike kama amri, akalijaribu kwanza kichwani, Nerima, siku ile mlikuwa mnacheka nini, akasikia jinsi lilivyotoka, mkato huo anaujua, hivyo ndivyo mtu anavyouliza nani kavunja sahani, akalijaribu tena, chini zaidi, likatoka vilevile, akaondoa jina, akaweka mama, akaweka mwanangu, neno ambalo hakumbuki lini amelitumia, na mkono wa mwalimu bado umenyooshwa, na watu bado wamegeuka, na mtoto bado amesimama wima pale mbele kama alivyofundishwa, anamngoja.