Kikaango Utaosha Wewe

Jamani, watu wawili wenye ndimi zao na akili zao timamu wanaweza kukaa nyumba moja miaka na miaka wasisemezane? Wanaweza. Mimi nimekaa nao. Ni baba yangu na mama yangu, na mimi, kitinda mimba wao, ndiye niliyekuwa redio ya nyumba.

"Mwambie baba yako chai iko mezani," mama anasema. Baba mwenyewe kakaa pale pale mezani, chai anaiona, mvuke unampiga usoni. Namgeukia. "Baba, chai iko mezani." Naye, bila kucheka: "Mwambie mama yako ahsante." Mama amesikia vizuri, lakini hatikisiki mpaka nimfikishie. Mimi ni msusi, kutwa nzima nasimama na vichwa vya watu na maneno yao, halafu nirudi nyumbani nikute kazi nyingine ya mdomo. Siku nyingine damu ilinichemka nikakataa kupeleka ujumbe. Basi tulikaa wote watatu kama tunasubiri daktari wa meno.

Chanzo chake ukikisikia utacheka. Siku wazazi wa wifi yangu walipokuja kutufahamu, mama alikaanga nyama kwenye kikaango chake cha chuma, kile kizito cha kumiminwa kwenye kalibu, ambacho ukikibeba kwa mkono mmoja bega linauma. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na alipenda sana kuchekesha watu. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema, "Wageni, mtusamehe. Hii nyama hata kikaango chenyewe kimeona aibu."

Wageni wakacheka. Kaka akacheka. Mama naye akacheka, na hapo ndipo nilipojua leo kuna kazi. Wageni walipotoka tu, alikibeba kikaango na uchafu wake akakiweka mbele ya baba, juu ya kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe.

"Kama kimeona aibu, basi kuanzia leo kikaango utaosha wewe."

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho la mama kwa baba. Mume mwingine angeomba radhi, yakaisha. Baba akaosha.

Tena hakuosha hivi hivi. Kesho yake alikaa karakanani kwake akakunja waya wa chuma, pete moja moja, akazishikamanisha mpaka zikawa kipande kama cha wavu, kinachoenea kiganjani. Tukakiita kinyororo. Kila jioni tukishakula, kikaango kingali na joto, anamwaga konzi ya chumvi ya mawe, anasugua na kinyororo akizungusha taratibu, anasuuza kwa maji ya moto, anakirudisha jikoni kikauke juu ya moto mpaka tone la mwisho liishe. Kisha tone la mafuta na kitambaa, anafuta kana kwamba anajuta kuyapaka. Sabuni haikusogea. Wifi aliwahi kuleta ule waya laini wa madukani na chupa ya sabuni ya maji, maskini, alitaka kusaidia. Baba alivitoa nje kwa adabu zote, akavikabidhi kwa jirani.

Mwisho kabisa alipitisha mkono mzima juu ya chuma, kisha akaugeuza kutazama kiganja. Ukitoka na weusi, anaanza upya. Ukitoka mkavu na safi, anakitundika kikaango kwenye msumari wake, na mama, aliyekuwa akijifanya hamwoni, anazima taa ya jikoni.

Baada ya muda nikaanza kuona mama anasahau kipande cha nyama ndani ya kikaango. Kizuri, chenye mafuta pembeni. Mama yangu hasahau kitu, anakumbuka mpaka mkopo wa sindano. Baba alikila akiwa amesimama, akajifuta mdomo, akaanza kazi. Nikajisemea, hawa wamekaribia. Leo au kesho mmoja atafungua mdomo. Nikawa nasubiri mimi kama vile ndoa ni yangu.

Halafu baba akaanguka. Ilikuwa jioni, hapo hapo jikoni, ameshamwaga maji ya moto kwenye kikaango, kinyororo mkononi. Kaka na mimi tulimbeba mpaka kwenye teksi. Pumzi ilikuwa inamkata, lakini alinishika mkono. "Mwambie mama yako asikiguse. Nikirudi nitakiosha."

Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, anasikia. Nikamwambia hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kukubali.

Na kweli hakukigusa. Kikaango kilibaki kwenye sinki na maji yake, maji yakakauka, chuma kikashika kutu ya rangi ya machungwa kila mahali, na vipande vya kitunguu vimegandia humo. Akawa anapikia sufuria. Kila siku alinifungia chakula cha hospitali kwenye bakuli, akakaza kifuniko kwa kitambaa. "Mwambie baba yako amalize chote." Nikimwambia twende wote, anasema nitakwenda. Kesho, nitakwenda. Alikuwa anaogopa, nami nilikuwa najua anaogopa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, maana mtu anayeogopa huwezi hata kumgombeza ukaridhika.

Siku moja mchana nilimkuta baba amekaa kitandani, mto mgongoni, mashavu yameingia ndani. Chakula hakukigusa.

"Mwambie mama yako aje kesho asubuhi," alisema. "Asichelewe."

"Nimwambie kuna nini?"

"Nina neno naye."

"Si unipe nimpelekee? Kwani mimi leo nimeanza kazi?"

Akatabasamu. Yale meno yake yalikuwa yamebaki makubwa usoni. "Hili si la kutuma, mwanangu. Hili nitasema mwenyewe."

Haki ya Mungu, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Nikampa mama ujumbe, aje, asichelewe, ana neno, anataka kusema mwenyewe. Mama aliacha kukunja nguo. Alikaa na shati la baba mapajani, nami nikaenda kulala nikijua kesho redio inastaafu.

Asubuhi niliamka, nikavaa, nikamkuta mama jikoni amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko. Kikaango kiko mbele yake, na kinyororo, na bakuli la chumvi. Sinki nzima imekuwa nyekundu kwa kutu.

"Mama, unafanya nini? Twende!"

"Namaliza hapa."

"Alisema usikiguse."

"Najua alichosema." Alikuwa anasugua kwa nguvu, nywele zimemwangukia usoni. "Mara ya mwisho nilipofungua mdomo kwa baba yako nilimwambia kikaango ataosha yeye. Nikifika pale nimsimamie na maneno hayo hayo bado yapo jikoni, nitamwambia nini kingine? Nataka nimwonyeshe kimeoshwa. Nimeosha mimi. Basi, yameisha."

Sasa hapo ungemfanyaje? Nikaona hata mimi machozi yananilenga. Nikavua viatu, nikachemsha maji.

Lakini mama hakujua kuosha kikaango. Miaka yote hiyo alikuwa mtazamaji. "Baba yako anaanza na chumvi au na maji?" ananiuliza. Nami nilikuwa naona kila siku bila kutazama. Kutu ikaondoka upande mmoja, tukisuuza inatokea upande mwingine. Tukakiweka jikoni kikauke. Mama akamimina mafuta, akamimina mengi, yakafuka moshi na kuganda madoa ya kunata kama gundi. Akaanza upya. Chumvi, kinyororo, maji ya moto.

"Mama, inatosha. Ni kikaango tu!"

"Hakijawa cheusi."

"Baba hatazami weusi, anakutazama wewe!"

"Nyamaza, unanichanganya."

Simu ikalia. Kaka, aliyelala hospitali kumwangalia baba. "Mko wapi nyie? Anauliza mama yuko wapi. Mpe mama simu, nimwekee baba sikioni waongee."

Nikamnyooshea mama simu. Aliitazama. Nasema aliitazama kabisa, na midomo ikafunguka. Kisha akainua mikono yote miwili, inang'aa mpaka kwenye vifundo.

"Mikono ina mafuta," akasema. "Mwambie tunakuja."

Ningemshikilia simu sikioni mimi mwenyewe, kwa nguvu, hata angenichapa kibao. Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka kuliwaza. Lakini kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa kupeleka maneno kama nilivyopewa, na mazoea yalinikamata. Nikaweka simu sikioni kwangu nikasema, "Kaka, mwambie tunakuja."

Kikakubali mwishoni. Mafuta kidogo, moto mdogo, kitambaa kikavu, kikatulia cheusi, cheusi kweli. Mama akakisogeza dirishani akakikagua kila upande. Akakifunga kwenye taulo safi kikiwa bado cha moto, akavaa gauni lake la kutokea, akatafuta hereni. Ndiyo, hereni. Akakikumbatia kikaango chake kwenye kiti cha nyuma cha teksi, jasho linamtoka, na njia nzima alikuwa anachezesha midomo. Alikuwa anafanya mazoezi. Nilisikia "nimekiosha," kisha "usicheke," kisha tena "nimekiosha." Alikuwa kama bibi harusi, mama yangu.

Kaka alikuwa amesimama kwenye korido, nje ya mlango wa wodi, anatazama sakafu. Alipoinua uso sikuhitaji kuuliza.

"Sasa hivi tu," alisema. "Jamani mama, sasa hivi tu. Alikuwa anatazama mlango."

Mama alimpita. Aliingia akaenda moja kwa moja mpaka kitandani, akaweka kikaango pembeni ya baba juu ya shuka, akafungua taulo. Muuguzi akasogea kumpisha. Mama alisimama pale, mdomo wazi, maneno yote ya kwenye teksi yamemkauka. Kisha, Mungu wangu, akanigeukia mimi.

"Mwambie baba yako nimekiosha."

Nilitaka kupiga kelele mpaka vioo vipasuke. Nikasema, "Mwambie mwenyewe, mama. Mimi sipeleki tena."

Akanitazama kama nimemfukuza nyumbani. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa baba, akaulaza juu ya kikaango na kuupitisha polepole juu ya chuma, kutoka ukingo mpaka ukingo, kama alivyomwona akifanya kila jioni. Akaugeuza kutazama kiganja.

Kilikuwa na weusi. Weusi mwingi, mpaka kwenye mistari ya mkono.

"Sikukiosha vizuri," mama akamwambia. "Unaona? Sijui. Ungenifundisha. Ungenisemesha tu siku moja ukanifundisha, na mimi ningekusemesha. Ulitaka kuniambia nini?"

Tukasubiri wote, mimi, kaka na muuguzi, kana kwamba swali lina mtu wa kulijibu. Nilijitafuta kama nina hata nusu ya lile neno la baba nimpe. Sikuwa nalo. Maneno yao yote yalipita kwangu, hata ya chumvi na ya kiberiti, na hilo moja ndilo hakunipa.

Nikachukua kona ya taulo nimfute baba mkono. Mama akanizuia.

"Acha. Hapa nitaosha mimi."

Akaomba maji ya uvuguvugu. Akakifuta kiganja kile kidole kimoja kimoja, taratibu, huku akimweleza baba habari za nyumbani: bomba limeanza kuvuja, jirani kajifungua, shati lake la kijivu limeshonwa kifungo. Alizungumza mpaka maji yakapoa, na hakunipa hata neno moja nipeleke.