Bolti Zilizokazwa Hewani

Mume wangu Thurman alisema haendi. Alisema theluji ikiwa bado imelala uani, akasema tena miti ilipochipua, na mwezi wa saba ulipoingia hakuna aliyekuwa anamuuliza ila alijibu hivyo hivyo, mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani: "Siendi kukaa kando ya barabara kwenye kiti cha kukunja kama mtu anayengoja basi."

Hapa Flint, mji wa viwanda vya magari, kila Agosti magari ya zamani hutolewa mabandani, yakasuguliwa mpaka ukaweza kujitazama mlangoni ukanyoa ndevu, yakatambaa polepole kwenye ile barabara ya matofali katikati ya mji. Wanaoyaendesha ni watu walioyaunda kwa mikono yao, au watoto wao. Thurman hakuwahi kukosa. Buick yetu ya mwaka sabini, nyekundu ya damu ya mzee, ilikuwa inajulikana kabla hata haijaonekana, kwa mngurumo.

Lakini majira ya baridi yale walimpasua mgongo wakamtia vyuma. Daktari akasema kupanda gari anaweza, mradi gari lisimrushe. Na letu lilikuwa linarusha. Thurman alilitengeneza ujanani kwa mbio za mstari mmoja, zile za kuondoka taa ikiwaka na kumaliza kabla hujapiga chafya. Nyuma alilinyanyua kwa mifuko ya hewa, likasimama mkia juu kama kuku aliyekasirika. Mbele aliacha springi legevu ili pua inyanyuke likichomoka. Kwa mstari ulionyooka, sawa. Ila mpeleke mtu sokoni nalo, apite kwenye mashimo yetu ya Michigan, na hasa yale matofali, ni kama umemkalisha juu ya mashine ya kufulia iliyojaa mawe.

Nilimtazama mtu wangu dirishani. Alikuwa ameacha kunyoa. Alikuwa ameacha hata kugombana na redio. Nikajisemea, mgongo umepona, huyu ndiye anayekufa. Kama mtu hawezi kuzoea gari, basi gari litamzoea mtu.

Nikamwita Lonzo, mdogo wake, anayekaa mtaa wa pili. Lonzo ni mwembamba hata kivuli chake kinaonekana kimeshiba kuliko yeye. Alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, kiwanda kimoja na Thurman, upande wa chini ya magari: mikono ya matairi, springi, ekseli.

"Kitendawili," nikamwambia mlangoni.

"Shemeji, hata sijavua kofia."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Laini si legevu, na ngumu si imara."

Akajikuna. "Mchumba wangu wa kwanza."

"Gari la kaka yako, mjinga wewe. Nataka liwe laini lisiwe legevu. Liwe imara lisiwe gumu. Limbebe mpaka kwenye matofali na limrudishe akiwa mzima."

Lonzo akachungulia kule dirishani, akashusha sauti. "Atatuua. Ule mkia ni heshima yake."

Kweli kabisa. Kwetu, mwanamume aliyezoea mbio akishusha mkia wa gari lake, watu huuliza kama amefilisika au ameokoka.

"Akituua atakuwa amesimama," nikasema. "Hilo tu ndilo ninalolitaka."

Tukaanza. Nilikuwa nimeshika spana kabla sijashika mtoto, baba yangu alikuwa na gereji ya uani, kwa hiyo Lonzo hakupata nafasi ya kunituma chai. Tulilinyanyua kwa jeki, tukaliegemeza juu ya stendi nne, matairi yakining'inia. Tukatoa ile mifuko ya hewa ya nyuma. Tukatoa springi zote, tukaweka mpya, fupi kidogo na zenye nguvu ya kadiri, zinazolingana mbele na nyuma. Shokapu mpya za gesi, ili gari likishuka shimoni lishuke mara moja tu, lisiendelee kuitikia kama kwaya. Stabilaiza nene mbele, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona, na nyingine nyuma ambako haikuwepo kabisa. Na bushi, zile pete za mpira kwenye kila kiungo: za zamani zilikuwa zimekauka kama mkate wa mahindi uliosahaulika mezani. Nilizichomoa kwa patasi na maneno ambayo mchungaji wetu hajui kwamba ninayajua.

Thurman aliona mifuko yake ya hewa ikitolewa uani. Akafungua dirisha kidogo.

"Dessa! Mnaligeuza dume langu kochi!"

"Njoo uzuie basi!"

Akafunga dirisha.

Lonzo alikaza kila bolti kwa ustadi, moja baada ya nyingine, amelala chali chini ya gari akipiga mluzi. Mkono wake haukosei. Bolti aliyoikaza Lonzo hailegei mpaka siku ya kiyama, na hata siku hiyo italegea kwa amri maalumu. Tukalishusha, nikaondoa stendi, tukarudi nyuma kulitazama.

Lilikuwa limesimama juu. Si kama zamani, lakini juu, kama mtu aliyebana pumzi.

"Springi mpya," Lonzo akasema. "Zitakaa zenyewe zikizoea."

Niliweka bakuli la maji kwenye kiti cha abiria, mahali pa Thurman, nikalifunga kwa mkanda, nikaendesha. Kwenye kona, enyi watu, lile gari lilipita kama reli imetandikwa chini yake. Pua haikuyumba, mkia haukuchelewa. Nikaanza kuimba. Halafu nikafika kwenye njia ya treni. Gari likagonga, meno yangu yakagongana, na maji yote yakawa kwenye zulia. Kila tuta dogo lilikuja mpaka kwenye uti wangu bila kupunguzwa. Lilikuwa gumu kama mkokoteni. Na chini yake kila kitu kililalamika, kii, kii, kama mlango wa kanisa la zamani.

Nilirudi polepole. Nilikaa ndani ya gari muda, mikono kwenye usukani, nikiyatazama yale maji. Wiki ya matofali ilikuwa inakaribia. Lonzo akaja akachungulia, akaliona bakuli. Halafu akasema, "Labda tumwachie tu, shemeji. Labda kiti cha kukunja si kibaya."

"Usiniambie kiti cha kukunja."

"Nasema tu..."

"Tutatoa springi. Tutaweka nyingine. Tutatoa hizo nazo, tutaweka nyingine. Mimi sina mahali pa kwenda."

Dirisha likafunguka, safari hii lote.

"Lonzo!" Ilikuwa sauti ya Thurman, lakini ile ya zamani, ya kupita juu ya mashine. "Hizo kelele ni za bushi! Nani kakaza bolti?"

"Mimi!"

"Najua ni wewe, hakuna mwingine anayekaza kama ana kisasi. Nauliza lilikuwa wapi ulipokaza?"

Lonzo akanitazama. "Juu ya stendi. Lingekuwa wapi?"

"Na matairi?"

"Yakining'inia, kaka. Kama siku zote."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya hospitali. Thurman alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na dirisha likabaki tupu. Nikasikia mlango wa nyuma, na fimbo yake kwenye ngazi, ngazi moja, kisha nyingine. Nilitaka kukimbia nimshike. Nilijizuia. Nilishika mlango wa gari badala yake.

Alifika uani na nguo za kulala na kofia ya kiwanda. Akamnyooshea mdogo wake fimbo.

"Wewe maisha yako yote magari yalikujia yakining'inia juu ya kichwa chako. Unakaza, linapita. Unakaza, linapita. Hukujiuliza kule mbele linakokwenda nani anasubiri?"

"Si wanatia matairi?"

"Wanatia matairi, linashushwa, linakanyaga kwa uzito wake. Halafu linapita juu ya shimo. Na ndani ya shimo kulikuwa na mimi, kijana, nalegeza bolti zako zote moja moja na kuzikaza upya. Miaka yote hiyo nakufanyia kazi yako na hata soda hukuninunulia!"

Lonzo akaitazama mikono yake. Kweli hakujua. Katika ule mstari wa kuundia magari kiwandani kila mtu alijua hatua zake chache za sakafu, na zaidi ya hapo ilikuwa nchi ya watu wengine.

"Mpira wa bushi umeshikwa pande zote mbili," Thurman akaniambia mimi, taratibu, kwa sababu aliona nimeanza kuelewa. "Ukiukaza ukiwa unaning'inia, unadhani hapo ndipo nyumbani kwake. Gari likishuka, mpira unasokotwa, na kila wakati unavuta kurudi juu. Springi zako hazina kosa, Dessa. Hazijapata hata nafasi ya kufanya kazi."

"Kama kumshonea mtu gauni amekaa," nikasema, "halafu asimame."

"Enhe. Linamkaba."

Nilikwisha kuingia bandani kutafuta spana. Tulilipandisha juu ya vipandio vya chuma vilivyokuwa bandani, matairi yote manne yamekanyaga, tukalegeza kila bolti. Gari likatoa pumzi. Sitanii, lilishuka taratibu mbele ya macho yetu, likatulia, na pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi lilivyo zuri likiwa limenyooka.

"Sasa uzito," akasema Thurman. "Likazwe likiwa na watu wake ndani. Tangi limejaa?"

"Limejaa."

"Dessa ndiye atakayeendesha, mfuko wa mbegu za nyasi utakuwa badala yake, uwekeni hapo kwenye kiti cha usukani. Upande wa abiria tunahitaji mtu wa kilo zangu."

"Nitakaa mimi," akasema Lonzo.

"Wewe? Wewe hata mzani unakuomba urudi na mwenzako."

"Basi tupakie mifuko mingine..."

"Mfuko haukai kama mtu," nikadakia haraka. Sikuwa na hakika kama ni kweli, lakini nilisema kama mtu aliyesoma kitabuni. "Thurman, uzito wako ni wako. Ama uingie, ama tukisie. Na mimi sitaki kukisia chini ya gari."

Alinitazama sana. Anajua nikimtega. Aliitazama ile siti, akaitazama fimbo yake, akatazama ngazi alizoteremka kama anapima kurudi. Halafu akatanguliza makalio, akashika paa, akaingiza mguu mmoja, akangoja, akaingiza wa pili. Uso ulimtoka jasho. Akafunga mlango.

"Mnangoja nini?" akasema kwa sauti ndogo. "Kazeni."

Tulikaza. Mimi nyuma, Lonzo mbele, na yeye juu yetu akitoa amri kupitia sakafu, akitutukana kwa majina ya wasimamizi waliokwisha kufa. Nilipotoka chini, nywele zimejaa vumbi la kutu, alikuwa bado amekaa, mkono umetoka dirishani, anapapasa mlango kwa nje.

Hakuniahidi kitu. Jumamosi ya gwaride niliamka nikakaanga samaki, nikafunga kwenye karatasi, nikawasha gari, nikaliacha lingurume uani. Sikumwita. Alitoka amenyoa.

Aliingia, tukashika njia ya mjini. Kwenye njia ya treni nilipunguza mwendo, na gari likazama na kunyanyuka mara moja, kama mtu anayekubali kwa kichwa. Nilimwona ameshika mpini wa mlango kwa nguvu. Njia ya treni ni kitu cha kupita. Matofali ni mtaa hadi mtaa.

Tukaingia kwenye foleni. Watu pande zote mbili wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja na soseji zao mkononi. Tairi la mbele likagusa tofali la kwanza. Nilisikia mlio wake, ule mtetemo mdogo mdogo unaopanda kutoka chini, lakini ulikuja umechoka, umepitia kwenye mpira na springi na shokapu, na ulipofika kwenye kiti ulikuwa mnong'ono tu.

"Unaumia?"

"Tazama mbele, mama."

"Nauliza unaumia?"

"Naumia. Nikiwa dirishani naumia vilevile." Akaachia mpini. "Usimwache huyo wa gari la njano apenye mbele yako."

Mtu mmoja aliyewahi kufanya naye kazi akasimama kando, akaita, "Thurman! Umeshusha mkia! Umeokoka?"

"Nimeoa!" Thurman akamjibu, na mtaa mzima ukacheka, nami nilicheka mpaka nikakaribia kumgusa huyo wa njano.

Matofali yanaishia kwenye taa. Kulia ni nyumbani. Kushoto unazunguka nyuma ya majengo unarudi mwanzo wa foleni. Nilikuwa nimemwahidi daktari, na nimejiahidi mwenyewe: mara moja tu, halafu nyumbani, alale. Nikawasha indiketa ya kulia.

Taa ilikuwa bado nyekundu. Thurman alikuwa amekaa wima, kijasho kwenye mdomo wa juu, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Aliisikiliza ile indiketa ikigonga. Halafu akanyoosha mkono mbele yangu, polepole kwa sababu ya vyuma, akaisukuma upande wa pili.

"Kushoto," akasema.

Taa ikageuka kijani, nami nikakata kushoto.